Seva Bandia ya Msiba

Nurdini alitakiwa kukabidhi mfumo wa chama cha kuzikana wiki ileile, la sivyo kazi apewe fundi wa Dar. Lakini seva ya chama, iliyopaswa kuutajia mfumo jina la aliyefariki, ilikuwa bado kwenye boksi huko Ruangwa. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wenzake: akatengeneza seva bandia ndani ya laptopu yake, chumbani kwake Nachingwea. Mfumo ukiuliza nani kafa, seva inajibu uongo, na kazi inasonga.

Uongo nao unataka jina. Akaweka la Mzee Uwesu wa Mtua, mwenyekiti wa chama. Hakuwa na ubaya. Walikuwa watani tangu enzi za mababu, na kwa watani kuzikana kwa maneno ni salamu tu. Tatizo ni kwamba namba za wanachama alizinakili za kweli, kwa uvivu wa kubuni, na sehemu ya kutuma ujumbe nayo aliiacha ya kweli. Akabonyeza. Mfumo ukafanya kazi vizuri kabisa.

Alipofika Mtua kwa bodaboda, turubai lilishafungwa. Watu wa Kiegei walikuja na kuni, wa Chinongwe na unga wa muhogo, na Bi Kulthumu alikuwa anaangua kilio mbele ya marehemu mwenyewe, aliyemwomba apunguze sauti kidogo. Nurdini alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mtani, umeniua," alisema Mzee Uwesu kutoka kwenye jamvi.

"Nisamehe, mtani. Nilikuwa najaribu mfumo."

"Umejaribu vizuri. Kaa."

Kamati nzima ilikuwepo. Bi Swaumu, katibu, alisema hajawahi kuona msiba ambao watu wamefika kabla ya maiti, na kijana apewe kazi. Wenzake wakaafiki. Likabaki neno la mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa anatazama njia ya Ruangwa. Huko anaishi mdogo wake, Mustafa, ambaye hawajasemezana naye tangu walipogombania mikorosho ya baba yao. Kila pikipiki iliposimama alinyanyuka kidogo, kisha akakaa.

Watu walipoanza kupakuliwa chakula, akamnong'oneza Nurdini sikioni.

"Mustafa alipelekewa?"

Nurdini akafungua majibu ya mfumo kwenye simu. Ujumbe ule ulimtaka kila mwanachama ajibu moja kama anakuja, mbili kama haji. Mustafa alikuwa wa kwanza kujibu. Alijibu mbili.

Moyo ukamuuma Nurdini. Akaitazama kamati, akaitazama simu, akaizima.

"Hakupata, mtani. Mfumo ulimruka."

"Kumbe unaruka watu?" Bi Swaumu akadakia.

"Unaruka."

Mzee Uwesu akashusha pumzi ndefu, uso ukamchangamka.

"Nilijua tu! Mdogo wangu angeachaje kuja kunizika?" Akamsogezea Nurdini sahani ya nyama. "Kula, mtani. Mfumo wako haufai kitu. Kazi tutampa huyo wa Dar."