Kichupa cha Tatu

Yotham alitoka kijijini Haneti alfajiri kwa shida ya mtoto, na sasa amekaa mbele ya daktari mjini Dodoma anaambiwa afumbe macho anuse vichupa. Pua na mtoto, wapi na wapi?

Alimtupia jicho mkewe, Penina, aliyekaa pembeni ameukumbatia mkoba wake. Miaka sita ya ndoa, na kijijini bado wanaitwa Yotham na Penina, wakati wenzao wote wameshakuwa Mama Debora na Baba Ruthu. Yotham ana miaka thelathini na nne, kidevuni hana hata unywele, na akipiga simu kwa mtu asiyemjua huitwa dada. Wazazi wa Penina walishatamka: mavuno yakipita hivi hivi, binti yao arudi nyumbani. Penina hakukubali wala hakukataa. Hilo ndilo lililomnyima Yotham usingizi.

"Kaka Yotham," alisema Daktari Joha, "kipimo cha damu kinaonyesha homoni zako za kiume ziko chini mno. Na zile za kutoka kichwani, zinazopaswa kuziamsha, nazo ziko chini. Ndiyo maana nauliza tena. Unasikia harufu?"

"Nasikia vizuri sana."

Uongo! Mtu mzima, mchana kweupe, anamdanganya daktari aliyemfuata mwenyewe. Tangu azaliwe Yotham hajawahi kusikia harufu ya kitu chochote. Utotoni alidhani wenzake wanatania. Walipoziba pua, naye akaziba. Waliposema mboga inanukia, naye akasema. Akazoea, na hakuna aliyemshtukia. Leo angekiri, ila Penina yuko pale pale. Na Penina alimpataje? Alimwambia nje ya kanisa, siku ya kwanza kabisa, "Dada, unanukia vizuri." Tangu wameoana, kila Jumapili mwanamke huyu hujipaka mafuta yake ya waridi, husimama mlangoni na kungoja. Na kila Jumapili Yotham hulisema neno lile lile.

Akajikaza, akafumba macho. Kichupa cha kwanza kikaletwa chini ya pua.

"Sabuni," alisema.

Cha pili akakivuta kwa mbwembwe. "Hayo ni mafuta ya taa."

Cha tatu kilikaa puani muda mrefu. Yotham akaona safari hii ataje kitu kizuri, walau Penina afurahi.

"Marashi. Tena mazuri kweli."

"Fumbua macho," alisema daktari.

Cha kwanza kilikuwa na kahawa. Cha pili kilikuwa na karafuu. Cha tatu Daktari Joha alikipindua juu ya meza akakigonga mara mbili, hakikutoka kitu. Kilikuwa kitupu tangu mwanzo.

Yotham aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ungeendelea kunificha, ningehangaika na ugonjwa mwingine kabisa," alisema daktari, bila ukali. Aliweka kidole puani pake mwenyewe, akakipandisha taratibu hadi kwenye paji la uso. "Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, chembe zinazotoa amri ya uzazi zilianzia huku puani. Zilipaswa kupanda hadi kwenye ubongo zikifuata mishipa ya harufu. Kwako mishipa haikufika, nazo zikakwama njiani. Ubongo hautoi amri, kwa hiyo huko chini hakuna kilichoamka."

"Mtoto amekwama puani?"

"Si mtoto. Amri."

Yotham aliyaelewa maneno moja moja. Akiyaweka pamoja yanamponyoka. Alijishika pua.

"Kuna sindano," daktari aliendelea. "Mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka mzima, pengine miwili. Wengi hupata mtoto, ingawa si wote."

"Na harufu?"

"Harufu hairudi."

Hapo Penina akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo kila Jumapili ulikuwa unanusa nini?"

Yotham alitafuta uongo mwingine, akaukosa.

"Nilikuwa nakuona ulivyosimama mlangoni," alisema. "Unangoja niseme. Nikisema, unafurahi. Basi."

Penina alimtazama. Maisha yake yote Yotham ameishi kwa kusoma nyuso za watu, na leo uso huu mmoja ulimshinda. Amekasirika? Anafikiria mavuno?

"Hizo sindano," Penina alimuuliza daktari, "naweza kumchoma mimi mwenyewe nyumbani?"

"Unaweza. Tutakufundisha."

"Nifundishe." Kisha akamwambia mumewe, "Ila habari ya kunukia, nisiisikie tena."

Jumapili iliyofuata alijipaka mafuta yake ya waridi kama kawaida, akasimama mlangoni, akangoja. Neno pekee alilokuwa nalo Yotham lilishapigwa marufuku, na jingine hakujua alitoe wapi.

"Umesimama vizuri," alisema mwishowe.

Penina alicheka mpaka akashika mlango asianguke, kisha akaenda kuleta sindano.