Mwinyimadi na Somo Yake

Mashine ilipolikataa jina la Mwinyimadi Seif Mwinyimadi lilipochapwa mara ya pili, Holo alitabasamu. Aliona mashine ina akili kuliko watu. Laiti angeinuka kwenye kile kiti, akaenda mpaka chumba cha sindano na kumuuliza muuguzi Saida swali moja tu, kijana wa watu huenda angekuwa hai leo. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu shule ya msingi, lakini mtu akishapewa cheti huona kuuliza ni sawa na kukirudisha.

Cheti chenyewe alikipata Kibaha, kwa mafunzo ya siku tano. Aliyempeleka ni Eugenia, mganga mfawidhi wa zahanati moja ya watu binafsi huko Kisarawe, upande wa Chole, ambako Holo alikuwa karani kwa mkataba wa miezi sita. Eugenia alikuwa amechoshwa na rejista. Yalikuwa madaftari kumi na mawili makubwa, mengine yameliwa na mende, na mgonjwa akirudi mara ya tatu hapakuwa na mtu wa kujua alitibiwa nini mara ya kwanza. Zahanati ikanunuliwa kompyuta moja. Holo, binti wa mfugaji wa ng'ambo ya Ruvu, ndiye pekee aliyekuwa anachapa bila kuangalia vidole, basi akaambiwa nenda ukajifunze, ukirudi utuhamishie haya madaftari yote humo ndani.

Mwalimu wao aliitwa Herman, mtu mrefu mwenye haraka, aliyependa kueleza maneno kabla ya vitu. Kanzidata, aliwaambia, ni neno zuri kwa sababu kanzi kwa Kiswahili cha zamani ni hazina, na hazina haitupwi ovyo ovyo. Akawafundisha kutengeneza majedwali mawili. La kwanza la watu: kila mtu mstari wake mmoja, asijirudie kamwe. La pili la mahudhurio: kila siku aliyokuja mtu, na alichoumwa, na alichopewa. Kati ya majedwali hayo kuna kitu kimoja kinachoyafunga, nacho huitwa ufunguo. Ufunguo wa mtu mmoja hauwezi kuwa wa mwingine.

Holo alielewa siku ile ile ya kwanza, wakati wenzake waliotoka kwenye stoo za viwanda walikuwa bado wanahangaika na kipanya. Alifurahi, na kwa nini tusiseme, alijivuna. Maisha yake yote aliambiwa ana kichwa kizito. Sasa hapa palikuwa na kitu kilichomwingia vizuri kichwani kama maji mtaroni, na mwalimu alimwita mbele awaonyeshe wengine.

Ilipofika kuchagua ufunguo, Herman aliwaambia waiachie mashine itoe namba yenyewe. Holo akanyoosha mkono. Alieleza kwamba wagonjwa wao hawatunzi kadi, kadi huishia kufungia ugoro. Kwamba namba za rejista huanza moja tena kila Januari. Kwamba mtu wa kule anachokuja nacho dirishani ni jina lake basi. Herman akasema majina hufanana. Mawili yanaweza kufanana, Holo akajibu, lakini matatu? Jina la mtu, la baba na la babu, yote matatu? Ilikuwa Ijumaa, vyeti vimepangwa mezani, na pilau imeshaanza kunukia. Herman akatazama saa, akasema kwa kijiji kidogo si mbaya, wakaendelea.

Kabla ya kufunga aliwaonyesha kisanduku kimoja cha kuweka alama ya vema. Mstari wa mtu unaitwa mzazi, mahudhurio yake yanaitwa watoto. Ukiweka vema pale, siku ukimfuta mzazi, watoto wake wote wanafutika naye, na kazi yako inabaki safi. Holo akaweka vema.

Alichokuwa hakijui Holo, na Herman hakukijua, kila mtoto wa kule Chole anakijua. Familia za wenyeji humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake. Mzee Mwinyimadi, mwana wa Seif wa Mwinyimadi, alizaa mtoto akamwita Seif. Seif naye, kabla Mungu hajamchukua, alizaa mtoto akampa jina la mzee. Kwa hiyo babu na mjukuu walikuwa na majina matatu yale yale, herufi kwa herufi. Kijijini hapakuwa na wa kuwachanganya, maana hawakuitwa hivyo. Babu aliitwa Mzee Mwinyimadi. Mjukuu aliitwa Somo, kwa kuwa watu wa pwani yule mnayeshirikiana naye jina ndiye somo yako. Kwa kina Holo neno hilo hawalitumii hivyo. Holo alipolisikia somo alifikiria jiografia na hesabu.

Somo alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa akifanya kazi Zegereni, kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma, na mwezi wa pili alirudi nyumbani anakohoa, shati linamning'inia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha kitu. Alikwenda zahanati kwa miguu yake, akaeleza kikohozi cha wiki sita na jasho la kulowesha kitanda, akatoa makohozi yake kwenye kikopo kama alivyoagizwa. Saida akaandika kila kitu kwenye rejista. Kwenye nafasi ya umri akaandika MZ, yaani mtu mzima, kama alivyowaandika watu wazima wote kwa miaka ishirini, awe wa miaka kumi na tisa au tisini. Kikopo kikasafirishwa Kibaha kupimwa kifua kikuu, na wiki hiyo hiyo Saida akaenda likizo ndefu kwa binti yake Kilwa.

Siku mbili kabla Saida hajaondoka, Holo alikuwa amelifikia lile daftari. Mzee Mwinyimadi alikuwa ameshaingia zamani, mgonjwa wa presha. Holo akachapa jina tena, na mashine ikakataa: yupo tayari. Ilishakataa hivyo mara nyingi, na kila mara alikuwa ni mtu yule yule aliyerudi. Basi akafanya kama alivyozoea. Kikohozi, jasho na kikopo cha makohozi akaviweka kwenye mahudhurio ya yule mzee, akamwonea huruma kwamba presha haijaisha na kifua nacho kimeanza.

Mzee Mwinyimadi alifariki mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Alikufa kwa uzee na presha, kitandani kwake, na akazikwa na watu wengi. Holo aliandika jina lake kwenye daftari la vifo. Wiki iliyofuata Eugenia akasema wafadhili wanakuja, orodha ya wagonjwa iwe ya walio hai. Holo akamtafuta mzee, akaagiza afutwe. Mashine ikamuuliza kwa adabu: mstari huu na yote yanayohusiana nao yatafutwa, na hayatarudishwa, una hakika? Alikuwa na hakika. Eugenia aliona orodha ilivyo safi akamsifu mbele ya wageni, na ikasemwa kwamba mkataba wake ungeongezwa.

Majibu yakaja kutoka Kibaha: Mwinyimadi Seif Mwinyimadi, kifua kikuu, aanze dawa mara moja. Holo akatafuta jina kwenye mashine, hakuliona. Akafungua daftari la vifo, akaliona. Akasema maskini, kumbe ndicho kilichomuua, akaandika juu ya karatasi kwa wino mwekundu, AMEFARIKI, akaiweka kabatini kwenye faili la marehemu.

Jumatatu yake akaja mwanamke dirishani, kambeba mtoto mgongoni. Mama aliitwa Rukaya, mtoto Zena. Alisalimia vizuri, akasema, "Dada, nimefuata majibu ya baba Zena."

Holo akamuuliza baba Zena jina lake nani. Rukaya akainamisha uso. Kulitaja jina la mumewe mbele ya mtu ilikuwa aibu ya kutosha, na hili lilikuwa pia jina la mkwe wake mkubwa, aliyezikwa hata arobaini haijafika. Mwanamke aliyelelewa halitamki jina hilo kwa karani wa dirishani. Akalizunguka kama alivyofundishwa.

"Ni yule somo ya marehemu," alisema.

Holo alifikiri mume wa huyu ni mwalimu, au mwanafunzi, au mama wa watu hajui anachosema. Foleni ilikuwa ndefu. Akachapa Zena, hakuna. Akamwambia majibu hayajarudi, aje Jumatatu. Rukaya alikuja Jumatatu. Akaja na ya tatu, na mara zote alisema maneno yale yale kwa sauti ile ile ya heshima, na Holo mara zote alichapa Zena. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu hata hakujua kwamba kuna maana asiyoijua.

Baada ya Jumatatu ya tatu hakuonekana tena. Mumewe alikuwa amejipigia hesabu zake: ingekuwa ni kifua kikuu wangeshamwita, kwa hiyo ni moshi wa kiwanda tu, na msimamizi hawezi kumshikia nafasi milele. Akarudi Zegereni.

Saida alirudi likizo mwishoni mwa mwezi wa nne. Wakiwa wanakunywa chai, Holo akamsimulia vituko vya dirishani, na kimojawapo kilikuwa cha yule mama ambaye mumewe ni somo. Alitegemea Saida acheke. Saida aliweka kikombe chini.

"Somo ya nani, alisema?"

"Somo ya marehemu."

Saida akamweleza. Hakutumia maneno mengi, hayakuhitajika. Holo aliliendea faili, akaitoa ile karatasi yenye wino mwekundu, Saida akampokea akaisoma. Akaiuliza Holo ile mashine jina kwa mara nyingine, akijua kabisa itamjibu nini. Hapakuwa na mzee, hapakuwa na mjukuu, hapakuwa na kikohozi wala kikopo.

Walichukua bodaboda moja, dawa za mwanzo zikiwa kwenye mkoba wa Saida. Njia nzima Holo aliomba dua za kwao na za wengine, akiweka nadhiri hii na ile. Walipokaribia nyumba waliwaona wanawake wameketi barazani kwenye mikeka, na wanaume wawili wanakunja turubai. Saida alimgusa dereva begani asimame mbali kidogo.

Somo alikuwa ameletwa Alhamisi, maiti, kwa gari la mizigo. Alitapika damu kazini asubuhi, wakambeba kumpeleka hospitali, akakata roho kabla hawajaifikia barabara kubwa. Walimzika kando ya babu yake.

Rukaya alikuwa ndani, ameanza eda. Saida aliingia, akamkumbatia, wakalia pamoja. Holo alibaki amesimama mlangoni mpaka akaambiwa akae. Akaanzia kwenye ukweli kabla haujamkimbia: kwamba majibu yalikuja zamani, kabla hata ya Jumatatu ya kwanza, na yeye aliyaweka kabatini kwa sababu ya jina.

Rukaya alimsikiliza. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo mimi ningelitaja tu jina lake, angepata dawa?"

Saida akawahi kusema ni kazi ya Mungu, mwanangu, usijitese. Holo aliuona mlango umefunguliwa. Angenyamaza tu, huyu mwanamke angeubeba mzigo wote mwenyewe, tena bila kulalamika, maana amelelewa hivyo. Kwa kitambo kidogo alinyamaza kweli, na kitambo hicho hatakisahau.

"Hapana," akasema. "Si wewe. Ni mimi niliyemfuta."

"Ulimfuta wapi?"

Holo akajaribu. Alisema kuna jedwali la watu, na kila mtu ana mstari wake. Alisema majina matatu. Alisema mzazi akifutwa watoto nao wanafutika, akakisikia anachokisema, akakoma. Rukaya alikuwa akimtazama kama mtu anayesimuliwa habari za nchi nyingine, kwa subira, akingoja afike pale pa mumewe.

Nyuma ya pazia Zena akakohoa. Wote watatu wakageukia pazia, wakisikiliza kama atakohoa tena.