Nyonga ya Ukoo

Nilifika kwa binti yangu bila taarifa, kama kawaida yangu, nikamkuta mjukuu wangu mchanga kaviringishwa kitambaa kuanzia kiunoni, miguu imebanwa pamoja, imenyooka kama mchi wa kinu.

"Mbona mmemfunga hivi?"

"Asije akachechemea kama wewe, Baba." Hakuinua macho. "Mama mkwe kasema miguu hunyooshwa mapema."

Nikacheka. Huko nilikozunguka waliniita Kiguu na Njia, nami niliitika. Sikujua kwamba kwa binti yangu nilikuwa kitu ambacho mtoto alipaswa kukingwa nacho.

Kesho yake nikawapeleka kliniki. Kulikuwa na daktari mtafiti, mwanamke kijana, akichunguza kwa nini nyonga mbovu hurithiwa katika ukoo, na kama kubebwa mbelekoni huwakinga watoto. Alikunja magoti ya mjukuu, akayapanua polepole.

"Kushoto kunateleza. Kichwa cha mfupa hakijakaa kwenye kikombe chake."

"Lakini tulimfunga vizuri!"

"Ndiyo shida, mama. Ukiinyoosha miguu kwa nguvu, mfupa unasukumwa nje. Ikikaa kama ya chura, unarudi."

"Nimemlemaza mwanangu?"

"Bado hujachelewa. Avae mikanda hii ya kuitanua miguu, wala usiivue mpaka niseme. Ukiivua, tutaishia kwenye kisu."

Nami nikapigwa picha ya mifupa, kwa ajili ya utafiti.

"Ungeletwa ungali mchanga, mzee."

"Nilikuwa na shughuli, daktari."

Alicheka, kisha akaitazama picha yangu kwa muda mrefu. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunitazama hivyo.

Nyumbani mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe wa binti yangu akasonya.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu katuletea kamba. Mvue kidogo, mwanangu, apumzike. Daktari yuko hapa?"

Mkono wa binti ukaenda kwenye kifungo. Ukasimama. Akanitazama mguu.

"Baba, huwa unauma?"

Nimelala kwenye nyumba za watu wengi, na hilo hakuna aliyeniuliza.

"Kila siku, mwanangu. Hata nikiwa nimekaa."

Akaurudisha mkono. Akamweka mtoto mgongoni na mikanda yake, magoti yamepanuka huku na huku, akakaza mbeleko, akatoka kumbembeleza uani.

Tukabaki sebuleni, mimi na mama mkwe wake. Yeye alitazama dirisha, mimi mlango.