Kipande Moja, Mabeseni Tatu

Ramla alianza kupika sabuni mwaka aliofiwa na mumewe, na kwa miaka minne hakuna mtu aliyemrudishia kipande akisema ni kibaya. Shida haikuwa sabuni. Shida ni kwamba watu walipita mbele ya meza yake, katika soko la Tshopo, mojawapo ya kata za mji, kana kwamba haina kitu juu yake. Waliuliza bei, wakagusa, kisha wakaenda dukani kununua sabuni nyeupe iliyofungwa kwa plastiki yenye picha ya mwanamke anayecheka.

Yake ilikuwa ya kahawia, ya mafuta ya mawese na soda kali, iliyopikwa ndani ya pipa uani kwake na kukatwa kwa waya. Haikuwa na karatasi wala picha. Kibao alikuwa nacho. Mchoraji alimwandikia: SABUNI MUZURI, BEI MUZURI, KARIBU WOTE. Siku moja, akisubiri mteja, alitazama kushoto akasoma kibao cha Émilie, muuza mikate: MIKATE MUZURI, BEI MUZURI, KARIBU WOTE. Kulia, fundi wa simu alikuwa ameandikiwa maneno yale yale. Ramla alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Maneno yanayoweza kuuza simu na mikate, aliwaza, hayawezi kuuza sabuni.

Kesho yake alipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka Makiso, katikati ya mji, kwenye redio moja ndogo iliyokuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mtangazaji wa asubuhi, Noël, ndiye aliyewaandikia wafanyabiashara matangazo yao. Alikuwa kijana mcheshi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

"Sabuni yako inafanyaka nini, mama?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Inaosha nguo."

"Kila sabuni inaosha nguo. Mutu hawezi kutoka kwake sababu ya ile. Ingine je? Ngozi?"

Ramla akafikiri. "Kuna mama moja aliniambia mutoto wake alikuwa na vipele, akamuosha nayo, vikaisha."

"Voilà!" Noël akapiga meza. Dakika tano baadaye alisimama akasoma kwa ile sauti yake ya redioni: "Upele? Mba? Vidonda? Musiteseke tena! Sabuni ya Mama Ramla inaponyesha magonjwa yote ya ngozi!"

"Yote?" Ramla aliuliza. "Mimi sijue kama inaponyesha yote. Hata ule mutoto sikumuona."

"Iko publicité, mama. Kila mutu anajua publicité inaongezaka chumvi kidogo."

Ramla alijua palepale kwamba alipaswa kukataa. Alikuwa na neno mdomoni. Lakini nyumbani alikuwa na masanduku sita ya sabuni iliyokwisha kukauka, na alikuwa amechoka kutazama migongo ya watu. Akanyamaza, na Noël akachukua ule unyamavu kuwa ndiyo.

Tangazo lilisomwa mara tatu kwa siku. Siku ya nne watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya meza. Masanduku sita yaliisha ndani ya wiki moja, naye akapika mengine, akakata sabuni kabla haijakauka vizuri kwa sababu watu hawakutaka kungoja. Alijizuia kusikiliza redio. Saa ya tangazo ilipofika, alijipa kazi ya kukoroga pipa.

Wiki ya tatu alikuja mwanamume mmoja aliyevaa shati la ofisini, akimshika mkono binti wa miaka sita hivi. Alijitambulisha kwa jina la Léon, mtumishi wa serikali. Mtoto aliitwa Patricia. Léon hakupaza sauti. Alimpandisha mtoto mkono wa blauzi, akamwonyesha Ramla.

Katikati ya vidole na kwenye kiwiko, ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, na penye vipele vikubwa palikuwa na usaha. Mtoto alirudisha mkono upesi, asitake uguswe.

"Nilisikia ku radio," Léon alisema. "Ninamuosha asubuhi na mangaribi, siku kumi na mbili sasa. Analia sana, anasema inachoma. Nikasema labda ni dawa inafanya kazi. Mama, nimuoshe siku ngapi tena?"

Hilo swali lilimpiga Ramla kuliko tusi. Angetukanwa, angepata la kujibu. Lakini baba huyu alikuwa bado anamwamini.

"Usimuoshe tena hata siku moja," alisema. "Papa Léon, unisamehe. Sabuni yangu haiponyeshe kitu. Twende ku centre de santé, sasa hivi."

Alifunika meza kwa turubai, akamwomba Émilie aitazame, wakaenda wote watatu. Muuguzi aliuangalia mkono wa mtoto kwa muda mfupi tu. Ulikuwa upele wa kawaida, alisema, ambao dawa ya kupaka ingeumaliza mapema, lakini sasa vidonda vimeingia uchafu, na sabuni kali imeunguza ngozi juu yake. Akauliza kwa nini walichelewa.

"Sababu yangu," Ramla akajibu. Akalipa dawa, na Léon alipotaka kukataa, alimtazama kwa namna iliyomfanya aache.

Patricia alipona. Ramla alikwenda kwao kila baada ya siku mbili mpaka alipoona ngozi imefunga. Lakini hakungoja hilo ndipo afanye lililompasa. Jioni ya siku ileile aliketi uani na daftari la mwanawe la zamani, akaandika, akafuta, akaandika tena. Asubuhi alikuwa redioni. Umeme ulikuwa umekatika Makiso nzima, na groupe, jenereta ya redio, ilinguruma kwenye ngazi hata ikabidi waongee kwa sauti kubwa.

Noël alisoma karatasi yake, akaisoma tena.

"Mama, tangu nianze kazi hii, sijaona mutu analipa radio iseme kitu yake haiponyeshe."

"Basi utaona leo."

"Tunaweza kuondoa tangazo tu, polepole. Watu watasahau."

"Na wale wanaosha batoto nayo sasa hivi? Watasahau nini? Noël, uliandika, lakini ni mimi nilinyamaza. Kama hautaki kusoma, unipe micro."

Noël alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Siku zote alikuwa ameandika matangazo bila kuona sura ya mtu aliyeyasikiliza. Alisogeza kiti, akampa nafasi. Ramla akasoma mwenyewe, sauti imetulia:

"Mimi ni Ramla, ninapikaka sabuni huku Tshopo. Ile tangazo mulisikia, niliikubali, na ilikuwa uongo. Sabuni yangu haiponyeshe ugonjwa. Kama mutoto iko na vipele, mumupeleke ku centre de santé, kwa muganga. Sabuni yangu inaosha nguo. Ni ile tu."

Sauti yake ilirushwa mara tatu kwa siku, katika siku zilizobaki za tangazo alilokwisha kulipia.

Mstari mbele ya meza ukakatika kama uzi. Wengine walikuja kumzomea, wengine walirudisha vipande, naye akawapa kila walichodai. Émilie alitikisa kichwa. "Dada yangu, meza yako umeivunja na mikono yako mwenyewe." Ramla alimjibu kwamba meza bado imesimama, na yeye pia. Lakini usiku huo hakula, na mwisho wa mwezi hakuwasha moto chini ya pipa.

Mtu mmoja tu hakuacha kununua. Odile alikuwa mfuaji wa nguo za wanafunzi wa chuo kikuu, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache. Kila Jumatatu alichukua vipande vitano, kabla ya tangazo, wakati wa tangazo, na baada yake. Jumatatu hiyo Ramla alimshika mkono.

"Mama Odile, wewe unaendelea kununua sababu gani?"

Odile alishangaa kana kwamba ameulizwa kwa nini anakula. "Sababu inakawia kuisha. Ile nyeupe, ukiiweka ndani ya maji, inageuka bouillie, uji tu. Yako inabaki nguvu. Kipande moja, mabeseni tatu. Nyeupe, mbili, hata haifike."

"Sema tena," Ramla alisema, akitafuta kalamu. "Polepole."

Aliyaandika maneno jinsi yalivyotoka. Usiku alipoyasoma tena aliona jambo: katika miaka minne hajawahi kumuuliza mnunuzi hata mmoja swali kama lile. Siku zote alikuwa akitafuta la kuwaambia watu, na wao ndio waliokuwa nalo.

Lakini safari hii hakutaka kulichukua neno la mtu na kulipeleka sokoni bila kuliona kwa macho yake. Kwa siku tatu alifua pamoja na Odile, beseni lilelile, nguo za wanafunzi walewale, kipande cha kahawia upande mmoja na cheupe upande mwingine. Siku ya kwanza sabuni yake ilimaliza mabeseni mawili na nusu tu. Odile ndiye aliyegundua sababu: Ramla alikuwa anaiacha ndani ya maji huku akisugua.

"Unaiua, mama. Uiweke pembeni."

Siku ya pili ikafika tatu. Ya tatu ikapita tatu, na kipande kidogo kikabaki. Kipande kipya, kilichokatwa kabla hakijakauka, hakikufika hata mbili, na tangu siku hiyo Ramla hakuuza tena sabuni mbichi, hata kwa mtu aliyembembeleza.

Kibao kipya hakumpa mchoraji. Alikipaka mwenyewe, herufi zimepinda kidogo:

KIPANDE MOJA, MABESENI TATU YA NGUO. USIIACHE NDANI YA MAJI. KAMA HAIFIKE TATU, RUDI, NINAKUPA INGINE.

Kisha akaenda redioni na Odile. Noël alitafuta katika karatasi yote.

"Hakuna hata neno 'muzuri'."

"Ile neno iko ku meza ya kila mutu," Ramla alisema. "Na sauti itakuwa ya Mama Odile. Yeye ndiye anafuaka."

Odile aliyasema kwenye maikrofoni kwa sauti yake kavu, bila muziki nyuma, kama mtu anayemweleza jirani. Noël alitaka arudie kwa furaha zaidi. Alirudia vilevile. Mwishowe Noël alikubali kwamba hivyo ndivyo ilivyopendeza.

Watu hawakuja kwa mstari. Walikuja wawili, watatu, wengi wao wafuaji na akina mama wenye watoto wengi, wakisoma kibao kwa sauti na kuuliza kama kweli atawapa kingine. Baadhi walidanganya. Ramla aliwajua kwa macho, akawapa, na hawakurudi na uongo mara ya pili. Odile alikasirika kwa niaba yake. Ramla alimwambia kwamba ahadi aliyoiandika kwa mkono wake hawezi kuichagulia watu.

Siku moja ya soko, meza ikiwa imezungukwa, alifika fundi wa magari aitwaye Feruzi akiwa na kijipande kidogo kama ukucha. Alikiinua juu wote wakione.

"Tatu iko wapi, mama? Nilifua mbili tu! Hii nayo ni uongo ingine ya radio?"

Émilie aliacha kupanga mikate. Ramla alichukua kipande kipya, akampa kwanza. Kisha akauliza: "Ulifua nguo gani?"

"Nguo yangu ya kazi."

"Kesho nitakuja kuiona."

Feruzi alidhani ni maneno. Asubuhi Ramla na Odile walikuwa kwenye garage yake, mabeseni kichwani. Ovaroli zake zilikuwa zimeshiba mafuta ya injini hata zinasimama zenyewe. Walifua mpaka jua likawa katikati. Mabeseni mawili, na sabuni ikaisha kabisa.

"Uko na haki," Ramla alimwambia mbele ya wenzake. "Mimi ndiye sikujua."

Kesho yake kibao kilikuwa na mstari mpya: NGUO YA GARAGE, MABESENI MBILI TU. Feruzi alikuja kuusoma mwenyewe. Kisha akanunua vipande kumi. Kabla ya wiki kuisha mafundi wa barabara yote walikuwa wanatuma watu kwa Ramla.

Alirudi kupika mara mbili kwa wiki, na Odile akapata meza yake mwenyewe ya kuuzia sabuni hiyo upande wa Makiso, yenye kibao kinachofanana. Ramla hakuwa tajiri. Lakini alipopita sokoni watu walimwita kwa jina, na yeye aliwatazama usoni.

Kisha akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, Lubunga, akasoma kibao chote kwa kidole.

"Sisi tunafua na maji ya kisima," alisema. "Inakataaka povu. Na kwetu, itafika tatu?"

Émilie, aliyekuwa anasikiliza, alimkonyeza Ramla: sema ndiyo, uuze.

"Sijue," Ramla akajibu. "Kisima chenu kiko karibu na bandari ya mitumbwi?"

"Mbali kidogo."

"Kesho asubuhi uningoje ku beach ya kwenu, pale mitumbwi inafikaka. Nitakuja na beseni."