Mkasi wa Asubuhi

Katika duka la vitambaa la Madhuben, pale Mchafukoge, kitambaa cha kwanza cha siku hakikatwi na mkono wowote tu. Mteja wa kwanza haachwi aondoke mikono mitupu, hata ikibidi kumshushia bei, na anayemkatia ni mtu mmoja mwenye mkono wa heri. Kwa miaka mitatu mkono huo ulikuwa wa Azza. Kila asubuhi Madhuben aliitikia shikamoo yake huku akimkabidhi mkasi.

Kisha akaajiriwa Siwema, binti asiyeinua sauti wala kukimbilia jambo. Hata jora likimwangukia mguuni, hulipangusa vumbi na kulirudisha juu. Siku moja Madhuben alikuwa akiongea kwa simu na mwanawe Nilesh, Kiingereza kimechanganyika na Kigujarati. Akamtazama Siwema, akatabasamu, akasema kwamba huyu binti mpya ni “staid”. Azza aliishia darasa la tano, lakini tabasamu halihitaji shule. Lile neno likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni akampitia Benedict, muuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, amtazamie kwenye kamusi. Benedict akasoma, kidole kikifuata mstari. Ni mtu aliyetulia, alisema, mwenye staha, asiye na mbwembwe. Huambiwa hivyo mzee wa kanisa, au karani wa suti ileile miaka kumi. Mtoto haitwi hivyo. Na mara nyingine, akaongeza, anayelitamka huwa anapiga miayo, mtu huyo amemchosha. Hayo ya miayo Azza hakuyasikia. Alisikia staha.

“Na mimi je, nafaa kuitwa hivyo?”

Benedict alicheka mpaka akakalia vitabu vyake. “Wewe? Ukiita wateja huko, mimi huku nageuka nikidhani umeniita mimi.”

Kesho yake Azza alikuja na ushungi wa kijivu, ameazimia kuwa staid kumshinda Siwema. Hakusimama mlangoni kuita watu. Aliketi nyuma ya meza, mikono mapajani.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Hamud, fundi wa kanzu, mtani wake wa kila wiki. Azza akamwamkia kwa sauti ya chini, akanyamaza. Mzee akaungoja utani, haukuja. Akashikashika kitambaa cheupe, akauliza bei, akatajiwa. Akauliza kama kuna msiba. Alipoambiwa hakuna, akasema atapita baadaye, akatoka.

Madhuben aliinuka kitini. Azza alijua la kufanya, lakini utulivu wake wa kuazima ulimganda mwilini. Mtu wa staha atamfukuzaje mteja barabarani? Aliyetoka ni Siwema. Hakukimbia. Alimfuata mzee katikati ya mikokoteni, akamwambia maneno mawili matatu, na mzee akarudi kuchukua kitambaa kwa bei ya asubuhi, ile ya kushushiwa.

Madhuben akautoa mkasi msumarini. Ukapita mbele ya pua ya Azza, ukaingia mkononi mwa Siwema. Siwema akakata mita tatu, mstari umenyooka. Azza aliomba kimoyomoyo kitambaa kichanike. Hakikuchanika.

Asubuhi iliyofuata Madhuben aliuweka mkasi juu ya meza, katikati yao, bila kumpa mtu.

“Chukua basi,” Azza akasema. “Si umeshakuwa wako.”

Siwema aliendelea kukunja vitambaa. “Mimi kuita watu siwezi, da Azza. Jana nilimfuata yule babu miguu inatetemeka. Wewe niletee mteja aingie, ndipo tujue nani anakata.”

Azza alimtazama kwa muda, akitafuta kejeli usoni pake, akaikosa, na hilo nalo likamuuma. Akauvua ushungi wa kijivu, akatoa mkobani ule wake mwekundu wa siku zote, akajitanda, akasimama mlangoni na kupaza sauti hadi wachukuzi wakageuza shingo. Mama mmoja akacheka, akaingia.

Wivu haukumtoka. Ila tangu siku hiyo ulikaa kimya kwenye kona yake moyoni, hauna papara, staid kuliko Siwema mwenyewe.