Mkono Begani

Mpigapicha alishapiga harusi za mji mzima, lakini yeye na marehemu mkewe hawakuwa na hata picha moja ya pamoja, kwa sababu siku zote kamera alikuwa ameishika yeye. Sasa alikuwa akijifungia kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, akijaribu kuchapisha filamu mbili, ya mkewe na yake, juu ya karatasi moja.

Jaribio la kwanza lilipoiva kwenye dawa, alijikuta amesimama kando ya mkewe, mkubwa kama kabati. La pili, akaning'inia sikioni mwake kama hereni.

“Mama, hata kwenye karatasi hunitaki?” akamtania mkewe pale pichani. Zamani angerudishiwa maneno makali kutoka jikoni.

Shemeji yake, aliyemletea chakula, akagonga mlango. “Shemeji, humo ndani unataga?”

“Naatamia. Nakuja.”

Karatasi ilibaki moja. Akaweka kando filamu yake, akachapisha ya mkewe peke yake, akikinga mwanga kwa kiganja ili bega lisiwe jeusi mno. Kiganja hicho hutakiwa kuchezeshwa muda wote, kivuli chake kisiache alama. Yeye akazubaa kumtazama, kikatulia.

Picha ilipojitokeza, begani kwa mkewe palikuwa na mkono mweupe, na vidole vyake vyote. Hata anayejifunza kazi angecheka. Akafungua mlango, picha ikichuruzika maji.

“Shemeji, njoo utuone.”

Shemeji alishaondoka, chakula amekifunika mezani. Akaiegemeza picha kwenye jagi, akaanza kula.