Msiba wa Mtwara ya Pili

Yusufu Chilumba alikufa siku ya Jumamosi, siku ambayo alikuwa amepangiwa kufufuka.

Aliyempangia ni Theresia, mwongozaji wa tamthilia, mwanamke wa Dar es Salaam aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Alikuja Mtwara kutengeneza tamthilia ya familia inayosafiri katika nyakati, iitwayo Bajaji ya Kesho. Alihitaji bajaji, akapata ya Yusufu. Yusufu akakataa katakata mtu mwingine aiendeshe, hivyo naye akaingizwa kwenye hadithi kuwa baba. Ndivyo vipaji vikubwa vinavyogunduliwa. Tangu hapo, kila Ijumaa jioni, taifa zima, au tuseme ile sehemu ya taifa iliyokuwa na umeme, lilimtazama dereva wa mtaa wa Chuno akipakia mke na watoto wa kuigiza na kuchomoka nao kuelekea mwaka mwingine bila hata kupita kituo cha mafuta.

Mwanahawa, binti yake wa kweli, alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Huko bwenini aliheshimiwa kuliko viranja. Alipofunga shule alirudi nyumbani akiwa ameshaahidi saini za baba yake kwa nusu ya darasa.

Kisha hadithi ikaingia giza. Theresia aliwakusanya majirani akawaeleza kwamba tamthilia za namna hii zina kawaida ya kufika mahali familia ikakosea njia, ikaangukia upande mwingine wa wakati: dunia ileile, watu walewale, ila kila jambo limekwenda kombo. Dunia hiyo aliipa jina la Mtwara ya Pili. Katika Mtwara ya Pili, alisema, gesi inatoka ardhini, inaingia bombani pale Madimba na kwenda zake Dar es Salaam, huku wenyeji wakipikia mkaa na umeme ukikatika watakavyo wakataji.

Majirani walisikiliza kwa adabu. Dercio, fundi seremala, akanyoosha mkono.

"Samahani, dada. Hiyo ya giza tumeielewa vizuri. Sasa ile ya mwanga ndiyo ikoje?"

Tofauti moja tu ndiyo iliyobaki ya kuonyesha, nayo ni kwamba katika Mtwara ya Pili baba amekufa. Kwa hiyo paliandaliwa matanga, palepale nyumbani kwa Yusufu. Mkewe, Rukia, alipinga mpaka sauti ikamkauka.

"Kumlaza mtu na pamba puani naye anapumua ni uchuro!"

"Mama Hawa," Yusufu akasema, "mtu akiigiza homa haugui. Na wiki moja baadaye narudi. Imeandikwa."

Mwanahawa ndiye aliyepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba mbele ya kamera, mtandio kichwani, akitangaza: "Baba ametutoka." Alilia vizuri mno. Theresia alikuwa amenunua vitunguu kwa ajili ya machozi ya majirani, lakini vitunguu viliishia kwenye mchuzi. Maana mtu wa Chuno hajui njia ya kwenda msibani mikono mitupu, wala hajui njia ya kukaa kwenye mkeka wa msiba bila kukumbuka wafu wake. Wote walikuwa wameambiwa ni kuigiza. Wakaja na unga wa kweli, kuni za kweli na sukari ya kweli, wakalia kilio cha kweli. Ikawa sehemu iliyosifiwa kuliko zote.

Habari ilipofika Madimba, ilifika bila ule mkia wa kuigiza. Saidi, mdogo wake Yusufu, aliacha mikorosho yake na kuja mbio akiomboleza njia nzima. Alipoingia uani alimkuta marehemu kakaa kwenye ndoo, pamba bado puani, akinywa soda. Siku ile watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Saidi peke yake hakucheka.

Jumamosi ya kurudi ikafika. Kikundi cha Theresia kilitarajiwa mchana. Yusufu aliswali alfajiri, akatoka kibarazani, akasema kifua kinambana, akajilaza kwenye jamvi. Mwanahawa akampita na ndoo ya maji.

"Baba, leo unarudi. Hufi tena."

Hakujibu. Mwanahawa akasifu moyoni namna alivyoweza kuzuia pumzi. Akaendelea kumsifu mpaka Rukia alipotoka jikoni, akapiga magoti, akamshika mumewe uso, na kutoa sauti ambayo haikuwahi kutoka siku ya kurekodi.

Sasa, maiti ya Mwislamu haikawizwi, na mazishi ni watu. Anahitajika wa kuosha, wa kuchimba, wa kubeba, wa kusimama safu nyuma ya imamu. Anayezikwa na wachache, mtaa humsemea vibaya hata kama aliishi vizuri. Mwanahawa alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akajitanda mtandio akatoka mbio.

Akaanzia kwa Laurinda, bibi mwenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni pake.

"Bibi, baba ametutoka."

Laurinda akachungulia nyuma ya Mwanahawa, kushoto, kisha kulia.

"Mbona hujaanza na shikamoo? Safari ile ulianza na shikamoo."

"Bibi, amekufa kweli."

"Ee! Hilo 'kweli' wameliongeza leo? Zuri. Na kamera wameificha wapi, kwenye mchongoma?"

"Hakuna kamera! Njoo umwone, yupo kibarazani."

"Nitamwona, mwanangu, wala usiharakishe wazee. Ngoja kwanza nisukwe. Mara ile nilitokea kwenye runinga kichwa kama ufagio wa chelewa, wajukuu wangu wakanicheka."

Nyumba ya pili wakamuuliza chakula cha leo ni nini, maana pilau ya waigizaji haikutosha. Nyumba ya tatu mwanamke alimshika bega kwa upole, akamshauri alie zaidi kidogo, leo anaonekana mkavu. Na kweli Mwanahawa alikuwa mkavu. Kila alipotaka kulia alisikia kilio kinapanda kwa sauti ileile iliyosifiwa, akakimeza kwa aibu. Akajaribu kutafuta maneno mengine. Lakini lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, haina maneno mengi ya jambo hili. Ametutoka. Amefariki. Hatunaye. Yote alikwisha kuyatumia mbele ya kamera.

Kwenye kijiwe cha bajaji walimpigia makofi.

Akampigia simu baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Ni Mwanahawa. Baba amefariki asubuhi hii."

Saidi akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Wewe mtoto wewe. Nimelia toka Madimba mpaka Chuno, namkuta marehemu anakunywa soda."

"Safari hii, wallahi—"

"Safari hii mwambie marehemu anipigie mwenyewe."

Akakata simu. Mwanahawa akapiga tena, na tena, mpaka simu ya upande wa pili ikazimwa.

Akabaki na msikiti. Shehe Issa alikuwa amekaa barazani na juzuu mkononi. Alipomwona tu akainua kidole.

"Sitoi! Jeneza la msikiti si kiti cha bwana harusi. Nilimwazima baba yako mara moja, waumini wakanisema wiki nzima. Mwambie huyo dada mwenye kofia akachongeshe lake."

"Shehe, njoo umwone tu."

"Nilimwona mara ile. Nilipoanza kumwombea dua, akapiga chafya."

Mwanahawa akasimama mbele yake, mikono imening'inia. Hakuapa wala hakupiga magoti. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya ambacho hakijafanywa. Shehe akamtazama usoni kwa muda, akatafuta yale machozi ya ndoo nzima aliyoyaona kwenye runinga, asiyaone. Akafunga juzuu. Akachukua bakora yake, akisema njiani kwamba kama huyu Yusufu anafumba macho kwa mzaha, leo ataamka na alama.

Alipofika kibarazani aliinama, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Yusufu. Bakora ikamponyoka.

"Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiun," akasema. Kisha akasema, "Binti, nisamehe."

Akarudi msikitini haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu, ili atangaze kwenye kipaza sauti. Mtaa mzima ungemwamini. Akabonyeza swichi. Umeme ulikuwa umekatika.

Akatangaza kwa koo lake mwenyewe, akiwa amesimama njia panda. Mzee wa watu alikuwa na kifua, na sauti yake haikuvuka nyumba ya tano. Ilipovuka, walioisikia walisema: kumbe hata shehe wamemchukua! Wakaingia ndani kubadilisha nguo.

Waliokuja walikuwa wawili. Dercio alikuja kwa sababu shehe alimwendea mwenyewe kumwomba mbao za kaburi. Hakuwa Mwislamu, lakini alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa. Jafari, dereva mwenzake Yusufu, alikuja kugombana, akidai ni zamu ya Yusufu kijiweni na mzaha umezidi. Akainua shuka. Akachukua jembe bila kuuliza chochote. Ukimhesabu shehe, muadhini mzee akawa wa nne. Wakachimba kwa kupokezana, shehe akaosha, Rukia akatoa sanda aliyokuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe. Mwanahawa alichota maji. Kila alipopita mlangoni alitazama njia, akiamini kwamba sasa watakuja, haiwezekani wasije, na kila alipotazama aliona watu wamesimama mbali kwa makundi, wamevaa vizuri, wakisubiri.

Baada ya adhuhuri jeneza likatoka.

Desturi ni kwamba jeneza likipita, kila mwanamume husimama na kuingiza bega, hata kwa hatua chache, apate thawabu. Jeneza huelea juu ya mabega kama lina haraka yake lenyewe, na aliyelitoa nyumbani huenda asiliguse tena mpaka makaburini. Jeneza la Yusufu halikuelea. Lilikwenda likiyumba juu ya watu wanne, wawili kati yao wazee, na pande zote za njia watu walisimama na simu mikononi, wakarekodi.

"Pokeeni!" Jafari akalia, jasho likimwingia machoni. "Jamani, pokeeni!"

"Pokeeni!" umati ukaitikia, na wengine wakacheka.

Kijana mmoja alitembea kinyumenyume mbele ya jeneza ili apate picha nzuri. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Leo wameweza! Angalia anavyolemewa yule shehe!"

Mwanamke haendi makaburini. Mwanahawa alikuwa amesimama pembeni ya duka la kona, mwisho wa ruhusa yake, alipoona goti la muadhini linakunjika na upande mmoja wa jeneza unashuka. Akakimbia. Akaingiza bega lake chini ya mti wa jeneza. Alitegemea shehe amfokee. Shehe aligeuza tu uso upande mwingine, akaendelea na tahlili. Umati ukapiga makofi.

Hapo ndipo gari la Theresia lilipokata kona.

Mwanahawa alimwona, akapata matumaini yake ya mwisho siku ile. Kama kuna mtu mmoja ambaye Chuno wangemwamini, ni huyu aliyewafundisha kuigiza. Theresia aliteremka, akaona jeneza, akaona nani amebeba na nani hayupo. Akavua kofia. Mpiga picha wake, kwa mazoea tu, alikuwa ameshainua kamera. Theresia akaigonga chini kwa mkono.

"Si kuigiza!" akapiga kelele, akiwageukia watu, sauti ikikatika. "Jamani, hii si kuigiza! Baba wa watu amekufa! Nendeni mkabebe!"

Umati ukanyamaza mara moja. Ulinyamaza vizuri sana, kama ulivyofundishwa, ukamkodolea macho yeye, gari lake na kamera yake, ukingoja aseme "kata" au aseme "tena". Kama kulikuwa na mmoja aliyeanza kushuku, kuliona gari la kurekodia kulimponya shaka yake.

Theresia akaenda mwenyewe akashika mti wa nyuma. Wakavuka barabara hivyo, wanaume wanne na wanawake wawili na marehemu mmoja, mpaka mwanzo wa makaburi, ambapo wanawake waliacha. Safu ya swala ilikuwa nusu safu. Dercio, asiyejua kusimama wapi, alisimama nyuma peke yake, mikono kifuani, ili angalau nyuma pasiwe patupu.

Mwanahawa akarudi nyumbani. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani, mpana, na mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwake, amejifunika kaniki. Hakuna aliyewasha moto. Mwanahawa akaketi upande wa pili. Kati yao ilibaki nafasi ya mtaa mzima.

Alasiri wakaanza kuingia. Walikuja kwa furaha ya heshima, kanga mpya, wanja machoni. Laurinda alitangulia, kichwa kimesukwa kikang'aa kwa mafuta. Akavua kandambili, akajikalisha katikati ya mkeka, akatandaza kanga yake, akatengeneza uso wa huzuni. Alipokuwa tayari, akamwinamia Mwanahawa.

"Haya, mwanangu. Marehemu wamemlaza wapi?"

"Tumeshamzika, bibi."

Uso wa huzuni ukadondoka, ukaja wa masikitiko halisi.

"Mmeshamzika? Bila sisi?" Akawatazama wenzake, akaguswa kabisa. "Tumechelewa, jamani." Kisha akampigapiga Mwanahawa gotini, kumfariji, kama bibi anavyomfariji mjukuu.

"Basi si mrudie? Sisi tupo. Leo tumekuja wote."